Kikulacho ki tangini mwako

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Leo nataka tuzungumze habari ya kutu. Si kutu ya mabati ya paa wala ya misumari iliyonyeshewa mvua. Hiyo kila mtu anaijua. Nataka tuzungumze habari ya kutu inayoanzia ndani ya mafuta yenyewe, katika tangi lililofungwa vizuri, mahali ambapo mwenye mashine haoni wala hadhani.

Ninaye shemeji yangu anayeuza samaki hapa jijini. Ana majokofu matatu makubwa, na ana jenereta la dizeli la kuyaokoa umeme unapokatika. Mwaka juzi vijana fulani wa mtaani kwake walianza kutengeneza dizeli kutokana na mafuta machakavu yanayobaki kwenye makarai ya chipsi. Bei yao ilikuwa chini ya ile ya kituo cha mafuta, na shemeji, kama mfanyabiashara yeyote anayepiga hesabu, akanunua. Jenereta likanguruma bila kinyongo. Moshi wake tu ndio uliokuwa ukinukia chipsi, watoto wa jirani wakawa wanacheka.

Wiki chache baadaye umeme ukatulia. Jenereta likakaa kimya miezi mitano, nusu tangi ya mafuta yale ikiwa humo humo. Kisha usiku mmoja umeme ukakatika. Shemeji akaenda kuliwasha. Mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Umeme haukurudi hadi kesho yake jioni, na samaki wote wakawa wa kutupwa.

Fundi alipofungua alikuta filta imejaa utando mzito kama uji uliolala. Vile viwasha vidogo vya shaba vinavyokaa chini ya nozeli, pamoja na kiungio cha shaba ya njano cha bomba la mafuta, vilikuwa vimegeuka rangi ya kijani. Fundi akanusa kidole chake, akasema: "Mzee, hii si dizeli tena. Hii ni siki." Shemeji alidhani anatania. Lakini nilipolifuatilia jambo hili, niligundua kwamba fundi yule alisema kweli kuliko alivyojua mwenyewe.

Hebu tuanze na mwanzo. Kuendesha injini kwa mafuta ya mimea si jambo geni hata kidogo. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, injini ya aina iliyobuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na ni watazamaji wachache sana tu waliotambua. Mwaka 1912 Diesel mwenyewe alieleza kwamba huenda siku moja mafuta ya mimea yakawa na umuhimu mkubwa. Lakini mafuta ya mimea kama yalivyo ni mazito mno kwa injini za leo. Kwa hiyo huchanganywa na pombe kali iitwayo methanoli, pamoja na kichocheo kama vile magadi makali, yale yanayotumika kutengeneza sabuni. Mchanganyiko huo hutengana mafungu mawili: gliserini nzito huzama chini, na juu hubaki mafuta mepesi. Hayo mepesi ndiyo tunayoyaita dizeli ya mimea.

Mara nyingi dizeli hii haitumiki peke yake, bali huchanganywa na dizeli ya kawaida itokanayo na petroli ghafi. Mchanganyiko huitwa kwa herufi B na tarakimu. B5 maana yake ni sehemu 5 za dizeli ya mimea katika kila 100. B20 ni sehemu 20. Na B100 ni dizeli ya mimea tupu.

Sasa, mama yeyote wa Kiswahili anaijua siri ambayo wenye magari wengi hawaijui. Mafuta ya mimea huchacha. Tui la nazi likilala bila kupikwa huchacha. Karanga za zamani huwa chungu. Mafuta ya kupikia yakiachwa wazi karibu na jiko hupata harufu mbaya. Dizeli ya kawaida imekaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka, nayo haina haraka ya kuharibika. Lakini dizeli ya mimea ni ndugu wa chakula, na kama chakula, ina siku zake.

Kinachotokea ni hiki. Oksijeni iliyomo hewani hushambulia chembechembe za mafuta na kuzivunja vipande. Miongoni mwa vipande hivyo hutokea asidi. Mojawapo ni asidi asetiki, yaani ile ile inayoifanya siki kuwa chungu. Nyingine ni asidi fomiki, ile ile wanayoirusha wale sisimizi wekundu wa kwenye miembe na mikorosho tunaowaita majimoto, na ambaye amewahi kukwea mwembe wenye majimoto hahitaji maelezo zaidi. Basi fundi alipotaja siki hakukosea. Ndani ya tangi la shemeji yangu palikuwa na siki kidogo, na majimoto kidogo.

Na asidi inaipenda shaba. Hili nalo bibi zetu wa pwani walilijua. Sufuria ya shaba haikuachwa itumike hivi hivi. Ilipelekwa kwa fundi kutiwa bati kwa ndani, na bati likichakaa inarudishwa tena. Kitu kikali kama ukwaju hakikulazwa ndani ya shaba tupu, kwa maana asubuhi ungekuta ukijani ambao si wa kuliwa. Ukijani ule wa sufuria na ukijani wa viwasha vya jenereta ni jamaa moja.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu ya leo, kwa hiyo naomba mtege sikio. Asidi huila shaba. Shaba iliyoliwa haipotei. Huyeyuka ndani ya mafuta. Na shaba iliyoyeyuka, hata ikiwa kidogo sana, ni kichocheo kinachoyafanya mafuta yachache upesi zaidi. Mafuta yakichacha zaidi, asidi huongezeka. Asidi ikiongezeka, shaba huliwa zaidi. Ni duara la shetani: mafuta yanaharibu chuma, na chuma kinaharibu mafuta.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Malaya, mjini Kuala Lumpur, walilipima jambo hili na kutoa matokeo yao mwaka 2010. Walichukua vipande vya shaba, vya alumini na vya chuma kisichoshika kutu, wakavitumbukiza katika dizeli ya kawaida na katika dizeli itokanayo na mawese, kwa joto la nyuzi 80 za sentigredi, kwa saa 1,200, yaani siku 50 usiku na mchana. Kwa hesabu ya mwaka mzima, shaba iliyokuwa katika dizeli ya mawese ilikuwa ikiliwa kiasi cha mikroni 15, ambapo katika dizeli ya kawaida ilikuwa mikroni 8 hivi. Alumini ililiwa mikroni 5 katika dizeli ya mawese na karibu 4 katika ile ya kawaida. Chuma kisichoshika kutu hakikuguswa sana na yoyote kati ya hizo mbili. Hakikufikia hata nusu mikroni.

Msikilizaji atauliza, mikroni 15 ni kitu gani? Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Basi ukitazama tarakimu hizo peke yake utacheka, useme kwamba bomba la shaba litadumu miaka mingi kabla halijatoboka. Ni kweli. Na wale wanaosema kwamba dizeli ya mimea itaitafuna injini yako mpaka ibaki mifupa, wanatia chumvi.

Lakini hatari haiko kwenye bomba kutoboka. Kwanza ni lile duara nililolieleza. Mafuta yaliyochacha hutoa utando na gundi, na utando huo huziba filta. Pili, pampu na nozeli za injini za kisasa zimetengenezwa kwa ustadi wa ajabu: nafasi iliyopo kati ya sindano ya nozeli na nyumba yake ni mikroni chache tu, na mafuta hupita humo kwa mgandamizo wa zaidi ya mara elfu moja ya ule wa hewa tunayovuta. Mahali pembamba namna hiyo, mkwaruzo mdogo au gundi kidogo inatosha kuifanya sindano ikwame. Jenereta la shemeji halikufa kwa sababu shaba ilikuwa imekwisha. Lilikufa kwa sababu ya uchafu uliozaliwa katika ndoa ya shaba na mafuta yaliyochacha.

Si shaba peke yake yenye udhaifu huo. Shaba ya njano na shaba nyeusi, ambazo ni shaba iliyochanganywa na madini mengine, zimo katika kundi hilo, pamoja na risasi, bati na zinki. Ndiyo maana pipa lililopakwa zinki, ambalo ni zuri kwa maji ya kunywa, si zuri kwa kuhifadhia dizeli ya mimea. Chuma cha kawaida huvumilia, mradi tu pasiwe na maji. Alumini safi huvumilia vizuri, na chuma kisichoshika kutu ndicho bingwa wa wote. Mipira ya zamani ya mabomba nayo huvimba na kulainika, na magari mengi ya kisasa hutumia mipira ya aina nyingine isiyosumbuliwa na mafuta haya.

Nimetaja maji. Huyu ni mshitakiwa wa pili. Dizeli ya mimea hunyonya unyevu wa hewa na inaweza kubeba maji mara kumi na zaidi ya dizeli ya kawaida. Katika miji kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako shati hulowa kabla ya saa nne asubuhi, tangi lililojaa nusu huvuta hewa yenye unyevu kila siku. Usiku kukipoa, maji hutoka katika mafuta na kutuama chini ya tangi. Hapo kutu ya chuma huanza kazi yake. Hapo pia vijidudu huzaliana, kwa kuwa hupenda kukaa kwenye mpaka wa maji na mafuta, navyo huongeza asidi na utando wao. Zaidi ya hayo, maji yanaweza kuyarudisha mafuta nyuma na kuzaa upya asidi za mafuta ambazo kiwanda kilikwisha kuziondoa.

Mshitakiwa wa tatu ni mtengenezaji asiyejali. Dizeli ya mimea ikishatengenezwa inatakiwa ioshwe na kukaushwa, ili methanoli, gliserini na mabaki ya magadi yatoke. Watengenezaji wakubwa wa pampu na nozeli duniani wamewahi kutoa tamko la pamoja kuonya kwamba methanoli iliyobaki hula alumini na zinki, na gliserini hudhuru metali zisizo za jamii ya chuma. Na mafuta ya karai la chipsi yana tatizo lake la ziada. Yamechemshwa, yakapoa, yakachemshwa tena siku nyingi, na kila mchemsho huongeza asidi. Yanaweza kabisa kuwa dizeli nzuri, lakini kwa mtu mwenye vyombo vya kupimia, si kwa kukisia kwa macho.

Naomba nisieleweke vibaya. Sikuja hapa kuipiga vita dizeli ya mimea. Ina fadhila zake, na mojawapo inahusu chuma hicho hicho. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye kiberiti kidogo, kisichozidi sehemu 50 katika milioni, na hilo ni jema kwa mapafu yetu. Lakini kazi ya kuondoa kiberiti hupunguza ule ulaini wa dizeli unaozuia pampu isisagike. Ukitia dizeli ya mimea sehemu moja au mbili tu katika 100, ulaini hurudi. Mafuta yanayoweza kuidhuru pampu yakichacha, yanaitunza yakiwa mabichi. Dawa na sumu, wahenga walikwisha kusema, hutofautiana kwa kipimo.

Tazama wenzetu wa Indonesia, nchi ya mawese. Walianza na mchanganyiko mdogo, wakapanda ngazi kwa ngazi. Januari 2020 walifika B30, mwaka 2023 wakaenda B35, na mwaka 2025 wakaingia B40. Malori na mabasi ya nchi nzima yanatembea kwa mafuta hayo. Walifanyaje? Hawakumwachia kila mtu karai lake. Kabla ya B30 waliyatembeza magari ya majaribio barabarani mwaka 2019, na wakapunguza maji yanayoruhusiwa katika dizeli ya mimea kutoka sehemu 500 hadi 350 katika milioni. Na Ulaya, ambako dizeli ya kawaida inaruhusiwa kuwa na hadi sehemu 7 za dizeli ya mimea, sheria inadai mafuta hayo yastahimili kupulizwa hewa katika joto la nyuzi 110 kwa muda usiopungua saa 8 kabla ya kuanza kuchacha.

Kipo pia kipimo cha zamani cha ukanda wa shaba. Ukanda uliong'arishwa hutumbukizwa katika mafuta yenye joto la nyuzi 50 kwa saa 3, kisha hulinganishwa na kadi ya rangi. Ni kipimo kizuri, lakini saa 3 haziwezi kukueleza habari ya miezi mitano. Mafuta yaliyofaulu leo kiwandani yanaweza kuwa siki kesho kutwa ndani ya pipa lako. Kwa hiyo la kuuliza ni zaidi ya "yalipimwa?" Uliza pia: "yalitengenezwa lini, na asidi yake sasa ni kiasi gani?"

Sisi hapa Tanzania tunao uzoefu wa mambo ya mafuta. Baada ya mwaka 2005 walikuja wawekezaji waliochukua ardhi Kisarawe na Kilwa ili kupanda mibono kaburi kwa ajili ya dizeli. Mashamba hayo hayakufika mbali, na wanavijiji wakabaki na maswali. Mwaka 2010 serikali ilitoa mwongozo wa nishati za mimea. Mjadala mkubwa wa siku zile ulikuwa wa ardhi na chakula, nao ulistahili. Mwaka huo huo wa 2010 dizeli ya vituoni ilianza kutiwa vinasaba ili kuwanasa wachakachuaji waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa. Tulijifunza kwa machungu kwamba mnunuzi hawezi kuona kwa macho kilichomo ndani ya pampu. Basi somo hilo tulitumie mapema safari hii. Kama dizeli ya mimea itauzwa kwetu, iwe ya mbono au ya karai la chipsi, ipimwe na wenye mamlaka, na lebo iseme ni B ngapi na imetengenezwa lini. Tunasoma tarehe kwenye pakiti ya maziwa. Kwa nini tusisome kwenye pipa la mafuta yanayochacha?

Sina budi kuongeza kwamba si kila mafuta ya injini yatokanayo na mimea yako hivi. Huko Makueni, Kenya, kampuni ya Eni ya Italia ilifungua mwaka 2022 kiwanda cha kukamua mbegu, na mafuta yake yakasafirishwa hadi Gela, Italia. Huko mafuta ya mimea husafishwa kwa hidrojeni, njia inayoiondoa oksijeni, na kinachotoka hufanana sana na dizeli ya petroli. Hayo hayachachi kama haya ya methanoli. Kwa hiyo muuzaji akikwambia tu kwamba mafuta yake ni ya mimea, muulize ni ya namna gani.

Kwa wewe mwenye gari, trekta au jenereta, mambo ya kufanya si mengi. Soma kitabu cha mashine yako uone inaruhusu B ngapi. Usiweke dizeli ya mimea katika mashine ya akiba inayokaa miezi bila kuwashwa. Hiyo iache kwa gari linalomaliza tangi kila juma. Usiihifadhi zaidi ya miezi michache, wala katika pipa lililopakwa zinki. Fungua koki ya chini ya tangi utoe maji mara kwa mara. Ukianza kuitumia katika mashine ya zamani, badilisha filta mapema, kwa sababu mafuta haya huosha uchafu wa miaka mingi na kuupeleka mbele. Na kama bomba lako la mafuta ni la shaba, mwombe fundi akuwekee la chuma.

Shemeji yangu alisafisha tangi, akanunua nozeli mpya, na sasa huwasha jenereta kila Jumamosi kwa dakika kumi na tano, umeme ukiwepo usiwepo. Wale vijana hakuwalaumu sana. Aliniambia: "Mimi huwa nanusa samaki kabla ya kununua. Mafuta sikuyanusa." Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mwenye mashine, wakati mwingine kikulacho ki tangini mwako, nawe ndiwe uliyekilipia.